Binti wa Mtoni na Wavulana wa Kiungani

Mwaka 1886 mjane mmoja wa Kijerumani alichapisha kitabu jijini Berlin. Mjerumani kwa ndoa, nisisitize, maana kwa kuzaliwa alikuwa mtoto wa Unguja, tena wa ikulu. Jina lake la ubatizo lilikuwa Emily, la mume wake Ruete. Jina alilopewa na baba yake ni Salme. Na baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, yule yule wa mikarafuu, aliyehamisha makao yake kutoka Maskati na kuufanya Unguja kuwa mji wa dola.

Kitabu hicho watu wengi wanakijua kwa sababu ya mapenzi. Binti wa Sultani anapata mimba ya mfanyabiashara wa Hamburg, anatoroshwa usiku na manowari ya Waingereza mwaka 1866, anabatizwa Aden, anaolewa siku hiyo hiyo, anakwenda kuishi kwenye baridi. Watalii wa Mji Mkongwe wanauziwa kisa hicho pamoja na viungo na kanga. Sina ugomvi nacho, ni kisa kizuri. Lakini mimi kilichonikamata ni zile sura za mwanzo, kabla ya Mjerumani yeyote kutokea, sura za utoto wa shamba. Nilizisoma mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi Mzumbe, huku nje milima ya Uluguru imejifunika ukungu, na tangu hapo nimezirudia mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza. Leo nataka nijaribu kueleza.

Salme alizaliwa mwaka 1844 kwenye jumba la Mtoni, ufukweni, maili chache kaskazini ya mji. Siku hizo huko kulikuwa shamba kwelikweli. Minazi, miembe, kijito kinachoingia baharini, na katikati jumba ambalo halikujengwa kwa mpango wowote bali lilikuwa likiongezwa chumba baada ya chumba kadiri familia ilivyokua. Anasema kulikuwa na watu wapatao elfu moja. Hebu fikiria: nyumba moja, watu elfu! Uani walizurura tausi, paa, mbuni, korongo, mabata na mabata bukini, na kazi ya watoto kila siku ilikuwa kuwasumbua hao wanyama au kusumbuliwa nao. Mbele ya bahari kulikuwa na roshani kubwa ya mviringo ambako mzee alikuwa akitembea kwenda na kurudi peke yake, kichwa kimeinama, saa nyingi. Mtoto anamwona baba yake akitembea hivyo kila siku na hajui ana nini. Ni mstari wa kupita tu kwenye kitabu, lakini mimi niliposoma nilisimama.

Halafu lugha. Mbele ya Sayyid ilitakiwa kusemwa Kiarabu tu. Akigeuza mgongo, basi: Kiajemi, Kituruki, Kisirkasi, Kiswahili, Kinubi, Kihabeshi, kila mtu na yake. Wanawake wa jumba lile walikuwa wametolewa pande zote za dunia, na watoto wao, ndugu wa baba mmoja, walitofautiana rangi kuanzia weupe wa maziwa hadi weusi wa mkaa. Sayyid alipofariki baharini mwaka 1856 aliacha watoto thelathini na sita walio hai. Salme alikuwa karibu na mwisho kabisa wa orodha.

Sasa, utoto wa binti wa Kiarabu wa wakati ule ulikuwa na mipaka yake, na inajulikana. Cha ajabu ni jinsi huyu mmoja alivyoipita. Kuanzia miaka mitano alifundishwa kupanda farasi, asubuhi na jioni, chini ya usimamizi wa matowashi. Hilo lilikuwa la watoto wote, na mabinti baadaye walipewa punda weupe wa Maskati, ambao bei yao ilishinda ya farasi wa kawaida. Lakini si wote waliopanda mnazi. Yeye anasimulia jinsi alivyoukwea mnazi mrefu bila hata pingu, ile kamba ya miguuni ya wakwezi, kisha akiwa juu akamwamkia kwa sauti mama mmoja aliyekuwa akipita chini, na mama wa watu akashtuka nusura azimie. Alipofika miaka saba, yeye na mama yake walihamia mjini, kwenye jumba la Watoro, kukaa na kaka yake Majid. Kule aliteseka kwa kukosa Mtoni. Nyumba ilimbana, bahari haikuwa ile. Majid akampoza kwa kumfundisha kutumia silaha: upanga, bunduki, bastola. Na kupiganisha majogoo.

Lakini yote hayo ni michezo. Jambo lililoamua maisha yake lilikuwa dogo zaidi, na alilifanya kwa siri.

Mabinti wa jumba lile walifundishwa kusoma. Kuandika, hapana. Shule yenyewe ilikuwa mkeka, mwalimu wa kike mwenye fimbo, na kitabu kimoja, Kurani. Aliyeruhusiwa kuandika alikuwa mvulana, na ubao wa kuandikia ulikuwa mfupa wa bega la ngamia uliosafishwa ukawa mweupe. Salme alitafuta mfupa wake. Akakaa peke yake na Msahafu, akawa ananakili herufi moja moja, bila mwalimu, mpaka mkono ukazoea. Ikajulikana. Akasemwa sana, na anakiri kwamba kusemwa huko hakukumgusa hata kidogo.

Wahakiki wanalipenda tukio hili, na mimi nalipenda, ila nadhani wengi hulisoma kwa haraka, kama ushindi wa msichana jasiri. Tazama kilichofuata. Baba amekufa, Majid amekaa kwenye kiti, na kaka mwingine, Barghash, anakitaka kiti hicho. Mwaka 1859 Barghash anapanga kumpindua Majid. Anahitaji barua ziende kwa mashekhe, anahitaji kuagiza bunduki na baruti, na anahitaji mwandishi asiyeweza kushukiwa. Ni nani kwenye familia, mwanamke, anayeweza kuandika? Salme, umri miaka kumi na mitano tu. Mkono uliojifunza kwenye mfupa wa ngamia ukaandika barua za kumwangusha kaka aliyemfundisha bunduki. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa na askari, Salme na dada yake Khole wakaingia ndani, wakamvika nguo za kike, wakamtoa mbele ya macho ya askari. Waasi wakakimbilia shamba la Marseille, Waingereza wakamsaidia Majid, mambo yakaisha kwa Barghash kupelekwa Bombay. Majid alimsamehe dada yake. Ndugu wengi hawakumsamehe. Mama yake alikuwa ameshafariki mwaka huo huo kwa kipindupindu. Akaenda kuishi mashambani, Kizimbani kisha Bububu, na alipokuja kurudi mjini, jirani yake alikuwa kijana wa Hamburg. Ukifuatilia kamba hiyo vizuri, hata lile penzi maarufu mwanzo wake ni ule mfupa.

Nina sababu yangu ya kulishikilia jambo hili. Bibi yangu mzaa mama ni wa Mgeta, juu milimani. Waluguru, kama wengi mnavyojua, mtoto ni wa ukoo wa mama. Jina la ukoo, ardhi, heshima, vyote vinapita kwa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Mtu wa nje akisikia hivyo hudhani basi wasichana wa huko waliishi kama wafalme. Bibi aliwekwa ndani alipovunja ungo, akawa mwali, jua akaliona kwa tundu. Kusoma alifundishwa kwenye mafundisho ya dini, na mpaka uzee wake alisoma kitabu cha sala bila kukwama. Kuandika hakufundishwa. Karatasi zake zote, hata ya pamba ya chama cha ushirika, aliweka dole gumba. Kwa hiyo nilipofika kwenye ukurasa wa binti wa Sultani anayeruhusiwa kusoma na kukatazwa kuandika, nilijua tunazungumzia nini. Msomaji unamtia mkononi maneno ya wengine. Mwandishi humjui atasema nini.

Sasa nije kwenye upande mgumu, maana upo.

Mama yake Salme aliitwa Jilfidan, Msirkasi wa Kaukasi. Kurasa zinazomhusu ndizo bora kuliko zote. Alikuwa mtoto mdogo vita vilipoingia kwao. Familia ikajificha chini ya ardhi, wavamizi wakavunja, wakaua baba na mama, wakawachukua watoto watatu, kila mmoja juu ya farasi wake. Kaka na dada wakapelekwa njia zao, na Jilfidan hakuwaona tena. Alifika nyumbani kwa Sayyid akiwa mdogo kiasi kwamba jino lake la kwanza lilimtoka huko huko, na akalelewa pamoja na mabinti wawili wa Sultani wa umri wake. Baadaye akawa suria wa mwenye nyumba. Ukisoma bila kupambwa, hicho ni kisa cha mtoto aliyetekwa na kuuzwa. Salme anakisimulia kwa upole unaoumiza, na kwa wazi anajua uzito wake.

Halafu unageuza kurasa kadhaa unafika kwenye sura ya utumwa, na mwandishi huyo huyo, binti wa Jilfidan, anautetea. Anasema Wazungu hawaelewi. Anasema mtumwa wa Mwarabu anatendewa vizuri, kwamba kumwachia huru ghafla ni kumtupa, kwamba Mwafrika bila kusimamiwa hafanyi kazi. Aliyaandika hayo Ujerumani, zaidi ya miaka kumi baada ya Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani, kulazimishwa kufunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Nimewahi kusikia msomi mmoja akimtetea kwamba alikuwa mtu wa wakati wake. Sawa, lakini mtu wa wakati wake alikuwa pia mama yake, na yule farasi wa tatu.

Watumwa wamejaa kwenye zile sura za Mtoni ninazozipenda. Wanabeba maji, wanapepea, wanawashika watoto mikono, wanawapandisha punda. Hakuna kurasa ambazo ndani yake kuna mikono mingi hivyo na utoto mchache hivyo. Walizaliwa wapi? Jino lao la kwanza liliwatoka wapi? Binti wa Mtoni anakumbuka tausi na mbuni.

Na baadhi ya mikono hiyo ilitoka huku kwetu. Mwaka 1857, Salme akiwa na miaka kumi na mitatu, Burton alipita kusini mwa Uluguru kuelekea Zungomero, kituo kikubwa cha misafara, na kwenye njia hiyo alikuta vijiji vilivyochomwa na watu waliokimbia wakamata watumwa. Chini ya mlima huu huu, upande wa mji wa sasa wa Morogoro, kulikuwa na mji wenye kuta wa Kisabengo, mtu ambaye naye alijijenga kwa kuteka watu. Alipokufa, mamlaka yakaenda kwa binti yake mkubwa, na jina la mji, Simbamwene, likawa pia jina lake. Stanley alifika hapo mwaka 1871 akakuta ngome ya mawe yenye minara pembeni na milango ya mbao zilizochongwa, na mwanamke juu ya yote anayedai hongo kwa wapitao. Wanawake wawili, rika si mbali sana, wote mabinti wa wakubwa waliotajirika kwa binadamu wenzao, mmoja baharini mmoja mlimani. Hata kimbunga cha Aprili 1872 kiliwapata kote kuwili kwao: Unguja kiling'oa mikarafuu kwa maelfu, na Stanley aliporudi mwezi huo kutoka kwa Livingstone alikuta mafuriko yamebeba sehemu ya ukuta wa Simbamwene. Lakini Simbamwene hakuacha kitabu. Tunamjua kwa kalamu ya mpita njia aliyekasirishwa na ushuru.

Kwa muda mrefu niliamini hapo ndipo habari inapoishia: wenye nguvu waliandika, wengine walinyamaza. Ni maelezo yanayouzika sana kwenye makongamano. Kumbe mwaka 1887, yaani mwaka mmoja tu baada ya kitabu cha Salme, kilitoka kitabu kingine London, na hicho pia ni cha utoto, na hicho pia kimetoka Unguja.

Kinaitwa *Kiungani*. Kiungani ilikuwa shule ya misheni ya Kianglikana, ile ya UMCA, kusini kidogo ya mji. Ukitoka Mtoni, unapita mji mzima, unaifikia. Wanafunzi wengi walikuwa wavulana waliotekwa bara, wakashushwa pwani, wakapakiwa majahazini, na majahazi yao yakakamatwa na manowari za Waingereza. Mwalimu wao, A. C. Madan, ambaye wapenzi wa kamusi tunamjua kwa kazi nyingine, aliwaambia waandike kwao kulikuwaje na wamefikaje hapo. Wakaandika. Yeye akatafsiri, akachapisha.

Wavulana hawa ni Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, na sidhani walikuwa na nia ya kufurahisha mtu. Wanaandika kama mtu anayetoa ushahidi. Nyumbani tulilima hiki, tulicheza hivi, vita vikaja, nikashikwa na fulani, nikauzwa kwa kitambaa, nikauzwa tena, tukatembea, fulani akachoka akaachwa njiani. Sentensi fupi, hakuna machozi. Mambo ya kijijini wanayaeleza kwa urefu, ngoma na mazishi na chakula, na unaanza kuelewa kwamba huo urefu ndio machozi yenyewe. Kile Salme alichofanya na tausi wa Mtoni, wao wanakifanya na mashamba ya mama zao. Mtu amepoteza mahali, anapahesabu kitu kimoja kimoja asije akasahau.

Kuna ambayo hayakuandikwa, bila shaka. Wavulana walikuwa wanamwandikia mwalimu wao, kwenye shule ya misheni, na mwalimu alikuwa na wafadhili wake Uingereza waliotaka kusikia jinsi misheni ilivyo nzuri. Na ni wavulana tu, hakuna wasichana. Kwenye hili mfupa wa ngamia unarudi: hata kati ya watumwa waliokombolewa, wa kwanza kupewa karatasi alikuwa mvulana. Ila simdharau Madan. Bila yeye tungekuwa na utoto mmoja wa Unguja ya karne ya kumi na tisa badala ya aina mbili. Miaka karibu hamsini baadaye, mwaka 1934, James Mbotela wa Freretown, Mombasa, mtoto wa mtumwa aliyekombolewa, alichapisha *Uhuru wa Watumwa* kwa Kiswahili chenyewe, na kizazi kizima kikakisoma shuleni. Siku moja nitaandika juu yake peke yake.

Kwa hiyo nashauri nini kwa msomaji? Visomwe pamoja. Nimejaribu, sura moja huku, hadithi moja kule, na matokeo yake ni ya ajabu. Salme hapungui. Nilidhani nitamchukia na haikuwa hivyo. Anabaki yule mtoto juu ya mnazi, na huzuni yake ni ya kweli. Ila uani panajaa watu. Anapotaja kijana aliyeshika hatamu ya punda, unajikuta unamuuliza yule kijana kwao ni wapi, na ukifungua kitabu cha pili kuna anayekujibu, kama si yeye basi mwenzake. Na hoja zake za kutetea utumwa zinaanguka zenyewe bila mimi kupiga kelele, maana shahidi ameshakaa upande wa pili wa meza akiwa na miaka kumi na nne na kalamu mkononi.

Salme alifariki Jena mwaka 1924, mwezi Februari, tarehe 29, tarehe ambayo haipo miaka mingi. Alizikwa Hamburg pamoja na mume wake, na ndani ya kaburi kukawekwa mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja ambao alikuwa ameutunza. Kumbukumbu zake alizianza kwa ajili ya watoto wake watatu, waliozaliwa Ujerumani na wasiojua Mtoni ni nini.

Jumba la Mtoni leo ni magofu. Kuta zimesimama, mabirika ya kuogea yanaonekana, na unaweza kusimama pale roshani ilipokuwa ukatazama maji. Chumba cha Salme kiliwekwa kwenye makumbusho ya jumba la kifalme, Forodhani, na kitabu chake kwa Kiingereza hakikosekani kwenye maduka ya vitabu ya Mji Mkongwe. *Kiungani* ni kazi zaidi. Hukipati dukani, utatafuta nakala iliyopigwa picha mtandaoni, na ni ya Kiingereza cha Madan, si Kiswahili. Wenye nafasi kwenye idara za Kiswahili wangeweza kuwarudisha wale wavulana kwenye Kiswahili, na mwanafunzi wa shahada ya pili anayetafuta mada asiniandikie kuomba ruhusa, achukue tu. Ukianza, anza na Salme, sura ya Mtoni, halafu usivuke kwenda sura ya pili. Funga kitabu, fungua kile kingine.